Kupima ozoni juu ya Nairobi kutoka angani: mwongozo wa kutumia vipimo vya MLS

Kuna chombo kilomita 705 juu ya ardhi ambacho kimekuwa kikipima ozoni, mvuke wa maji na gesi nyingine haba za anga ya kati tangu 2004, na vipimo vyake anaweza kuvichukua bure yeyote mwenye intaneti. Kinaitwa MLS (Microwave Limb Sounder). Kilijengwa na maabara ya JPL ya NASA huko California na kilipaa na setilaiti Aura tarehe 15 Julai 2004. Kupakua data yake ni kazi ya nusu saa. Kazi yenyewe inaanza baada ya hapo, kwa sababu ndani ya faili moja utakuta kipimo kizuri, kipimo kibovu, na namba ambayo si kipimo kabisa bali ni kadirio lililobaki pale ambapo chombo hakikuona kitu. Zote zinafanana kwa macho. Asiyechuja atachora grafu nzuri ya uongo.

Mfano wa mwongozo huu ni ozoni juu ya Nairobi (latitudo -1.27, longitudo 36.80). Tumechagua Nairobi kwa sababu Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, pale Dagoretti, hurusha maputo ya kupima ozoni, kwa kawaida mara moja kwa wiki, chini ya SHADOZ, mtandao wa kimataifa wa vituo vya maputo ya ozoni ulioanza 1998. Kwa hiyo unachokipata kutoka angani unaweza kukilinganisha na kilichopimwa ndani ya hewa yenyewe.

Chombo kinaona nini hasa

MLS haitazami chini. Inatazama mbele, kwenye ukingo wa dunia, mahali palipo takriban kilomita 3,000 kutoka kwenye setilaiti; Aura hupita juu ya mahali hapo dakika saba hivi baadaye. Antena yake yenye urefu wa mita 1.6 huinua macho kutoka karibu na ardhi hadi kilomita 90 hivi kwa muda usiofika sekunde 25, kisha inaanza tena. Kila mzunguko mmoja wa dunia una miinuko 240 ya namna hiyo, na siku nzima hutoa karibu profaili 3,500 (profaili ni mfululizo wa vipimo vya mahali pamoja kutoka chini hadi juu), kila moja umbali wa kilomita 165 kutoka kwa mwenzake. Kila mara antena inapomaliza kuinuka, chombo hutazama pia anga tupu yenye baridi na kipande cha ndani ambacho joto lake linajulikana. Hayo mawili ndiyo mawe yake ya mizani.

Kinachopokelewa ni mawimbi ya maikrowevu yanayotolewa na molekuli zenyewe. Kila gesi ina masafa yake: ozoni tunayoitumia hapa husomwa karibu na gigahezi 240, mvuke wa maji karibu na 190, klorini monoksaidi na hidrojeni kloraidi karibu na 640, na oksijeni ya gigahezi 118 husaidia kupata joto na mgandamizo. Kadiri mgandamizo unavyokuwa mkubwa, molekuli hugongana zaidi na mstari wa mawimbi hutanuka. Upana wa mstari basi hueleza gesi iko kwenye mgandamizo gani, na pembe ya antena hukamilisha habari.

Faida yake ni kubwa. Chombo hakihitaji jua, kwa hiyo kinapima usiku na mchana, hata kwenye giza la miezi la ncha za dunia. Vumbi la volkeno na mawingu mepesi hayakisumbui. Gharama yake ni kwamba profaili moja haipimi nukta. Namba ya ozoni katika stratosfia (tabaka la anga la kati ya kilomita 15 na 50 hivi) ni wastani wa tabaka la hewa lenye unene wa kilomita tatu hivi na urefu wa kilomita mia kadhaa kufuata njia ya setilaiti. Weka hilo akilini hadi hatua ya puto.

Hatua ya 1: Pakua

Fungua akaunti ya bure ya Earthdata Login ya NASA. Ukishaingia, nenda kwenye orodha ya programu zilizoidhinishwa na uidhinishe ile iitwayo NASA GESDISC DATA ARCHIVE. Watu wengi huruka hapa. Matokeo yake ni kwamba faili linashuka bila kulalamika, lina jina sahihi, lakini ndani yake ni ukurasa wa kuingilia akaunti. Ukiona faili ni dogo ajabu, au programu inasema haliwezi kusomwa kama HDF5 (muundo wa mafaili ya data za kisayansi), lifungue kwa kihariri cha maandishi: likianza na alama za HTML, tatizo ni idhini hiyo au nenosiri, si data. Kwa kupakua kwa amri, weka jina na nenosiri lako kwenye faili la .netrc chini ya urs.earthdata.nasa.gov, na ulifunge lisisomwe na mtu mwingine.

Bidhaa unayoitaka ni ML2O3, toleo la 005. Kuna faili moja kwa siku, na jina lake huisha kwa tarehe ya namna hii: 2020d031, yaani siku ya 31 ya mwaka 2020, ambayo ni 31 Januari. Huo si mwezi wa tatu tarehe moja. Na usichanganye matoleo: faili la toleo la 4 na la toleo la 5 yakiwekwa kwenye mfululizo mmoja hutengeneza ngazi ambayo anga haikuifanya.

Pamoja na data pakua pia hati ya ubora wa toleo hilo, ile iliyoandikwa na timu ya MLS. Ina ukurasa kwa kila gesi, na viwango vya kuchujia hutofautiana kati ya gesi na gesi. Viwango vilivyomo humu ni vya ozoni peke yake.

Hatua ya 2: Fungua faili

Faili ni HDF-EOS5, na maktaba ya h5py ya Python inalisoma bila shida. Ndani utakuta makundi zaidi ya moja. Lako ni lile liitwalo O3 tu, bila nyongeza. Lile lenye neno APriori ni kadirio la awali, si kipimo.

```
import h5py, numpy as np

with h5py.File(jina, "r") as f:
    k = f["HDFEOS/SWATHS/O3"]
    d, g = k["Data Fields"], k["Geolocation Fields"]
    o3     = d["L2gpValue"][:]
    kelele = d["L2gpPrecision"][:]
    hali   = d["Status"][:]
    ubora  = d["Quality"][:]
    utulivu = d["Convergence"][:]
    lat, lon = g["Latitude"][:], g["Longitude"][:]
    p    = g["Pressure"][:]
    muda = g["Time"][:]
    saa  = g["LocalSolarTime"][:]
```

Ozoni itakuja kama jedwali lenye safu karibu 3,500 za profaili na ngazi 55 za mgandamizo. Thamani ni uwiano wa mchanganyiko, molekuli kwa molekuli; zidisha kwa 1,000,000 upate sehemu kwa milioni, ppmv. Namba -999.99 ni alama ya pengo.

Ngazi zimepangwa kwa mgandamizo, si kwa kimo. Ukitaka kimo cha haraka, chukua log ya msingi wa 10 ya mgandamizo kwa hPa (hektopaskali), itoe kwenye 3, kisha zidisha kwa 16. Kwa hiyo 100 hPa ni kilomita 16 hivi, 10 hPa ni 32, 1 hPa ni 48. Kwa mchoro inatosha. Kwa hesabu za kweli, chukua kimo kutoka bidhaa ya GPH (kimo cha jiopotensheli) ya siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Chuja

Hapa ndipo matokeo yanapopona au kuharibika, kwa hiyo usiende mbio.

Kukokotoa gesi kutoka mawimbi ni hesabu ya kinyumenyume: unaona mwanga na unauliza ni hewa ya namna gani iliyoutoa. Majibu yanaweza kuwa mengi, hivyo programu huanza na kadirio la awali la kawaida ya mahali na majira, kisha huacha vipimo vilisogeze. Mawimbi yakiwa na nguvu, kipimo hushinda. Yakiwa dhaifu, kadirio hubaki palepale likivaa nguo za kipimo. Timu ya MLS hukuonyesha jambo hilo kwa kuweka alama ya kutoa kwenye L2gpPrecision, yaani makadirio ya kelele ya kila namba. Ukiona kelele hasi, ondoa namba ya ngazi hiyo. Usichukue thamani halisi na kuendelea.

Status huhusu profaili nzima. Ikiwa ni namba witiri, profaili yote itupwe. Ikiwa ni shufwa, ipite, hata kama si sifuri: 16 na 32 ni taarifa za mawingu, na kwa ozoni ya stratosfia hayo hayakufungi mkono.

Quality hueleza jinsi mawimbi yaliyokokotolewa yanavyolingana na yaliyopokelewa. Kwa ozoni ya toleo la 5, weka profaili zenye zaidi ya 1.0. Convergence hueleza kama hesabu zilitulia. Ikikaribia 1 zimetulia, na kwa ozoni weka zile zilizo chini ya 1.03.

Mwisho ni mipaka ya mgandamizo: ozoni ya toleo hili inafaa kuanzia 261 hPa kwenda juu hadi 0.001 hPa. Angalia mtego mdogo hapa. Ngazi hiyo ya chini kwa ukamilifu wake ni 261.0157, kwa hiyo ukiandika "p <= 261" unaipoteza bila kujua. Andika 262.

```
o3 = o3 * 1e6
o3[kelele <= 0] = np.nan
o3[:, (p > 262) | (p < 0.00099)] = np.nan

nzuri  = (hali % 2 == 0) & (ubora > 1.0) & (utulivu < 1.03)
karibu = (abs(lat + 1.27) < 2) & (abs(lon - 36.80) < 8)
juu_ya_nairobi = o3[nzuri & karibu]
```

Jambo moja ambalo halimo kwenye msimbo huo wa programu, na kutokuwemo kwake ni kwa makusudi: usiondoe thamani hasi za ozoni. Tunajua gesi haiwezi kuwa chini ya sifuri, lakini kipimo chenye kelele kinaweza. Tuseme vipimo vinne vya ngazi moja ni 0.09, -0.04, 0.05 na -0.02. Wastani wake ni 0.02. Ukitupa hasi mbili, wastani unaruka hadi 0.07, zaidi ya mara tatu. Kwa ozoni ya kilomita 30 hutaona tofauti, kwa sababu gesi ni nyingi kuliko kelele. Kwa gesi dhaifu kama bromini monoksaidi, kosa hilo peke yake linaweza kuzaa "ugunduzi".

Hatua ya 4: Mahali na saa

Njia za setilaiti kwenye ikweta zimeachana kwa nyuzi 24.7 za longitudo, karibu kilomita 2,750. Ndiyo maana sanduku letu ni pana kwa longitudo (nyuzi 8 kila upande) na jembamba kwa latitudo (2 kila upande): katika tropiki hewa ya stratosfia hubadilika haraka zaidi ukienda kaskazini na kusini kuliko ukienda mashariki na magharibi. Ukilibana sanduku hadi nyuzi 2 kila upande, siku nyingi utabaki mikono mitupu. Setilaiti ikipita ndani ya sanduku hili utapata profaili mbili au tatu.

Kwa miaka mingi ya kazi yake Aura imekuwa ikivuka ikweta saa nane kasorobo mchana ikipanda kaskazini, na saa nane kasorobo usiku ikishuka, kwa saa ya jua ya mahali. Kwenye LocalSolarTime hizo ni 13.75 na 1.75. Saa ya jua ya Nairobi iko nyuma ya saa ya mkononi kwa dakika 33, kwa hiyo mpito wa mchana ni kama saa nane na dakika 18. Mpito wa usiku ni saa nane na dakika 18 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, ambayo kwa saa za dunia ni 23:18 ya siku iliyotangulia. Mafaili hugawanywa kwa saa za dunia. Hivyo usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari utaupata kwenye faili la 31 Januari, na anayetafuta kwenye faili la 1 Februari anapata usiku wa baadaye.

Uga wa Time huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1993, pamoja na sekunde za nyongeza. Kwa tarehe yoyote baada ya 1 Januari 2017, toa sekunde 10 upate saa za dunia. Kwa ozoni sekunde kumi si kitu, ila ukitaka kulinganisha njia ya setilaiti na chombo kingine, zihesabu: ndani ya muda huo Aura imeshasogea kilomita 70 na zaidi.

Usichanganye mchana na usiku juu ya 1 hPa. Katika mesosfia, tabaka lililo juu ya stratosfia, jua huvunja ozoni mchana, na usiku hujijenga upya, kwenye 0.1 hPa na juu yake tofauti ni kubwa mno kiasi kwamba wastani wa zote mbili hauelezi saa yoyote ya siku. Chini ya kilomita 35 unaweza kuzichanganya kwa matumizi mengi.

Kabla ya kuendelea, chora profaili na utazame kwa macho. Juu ya Nairobi tarajia ozoni ya karibu 0.1 ppmv kwenye 100 hPa, ipande hadi 9 au 10 karibu na 10 hPa, kisha ishuke hadi kama 3 kwenye 1 hPa. Ukipata kilele kwenye 100 hPa umegeuza mpangilio wa ngazi. Ukipata mistari yote imelingana kabisa, huenda umesoma kundi la APriori.

Hatua ya 5: Linganisha na puto

Faili la puto la SHADOZ hutoa ozoni kwa mgandamizo wake, milipaskali. Kuigeuza kuwa ppmv, zidisha kwa 10 na ugawe kwa mgandamizo wa hewa kwa hPa. Mfano: milipaskali 12 kwenye 25 hPa ni 10 × 12 ÷ 25, yaani 4.8 ppmv.

Puto hupima kila baada ya mita chache. MLS huona tabaka la kilomita tatu. Ukichukua tu namba ya puto iliyo karibu na kila ngazi ya MLS, utaona tofauti nyingi zisizo kosa la yeyote, kwa sababu puto liliona utando mwembamba wa hewa ambao setilaiti haiwezi kuutenga. Fanya hivi badala yake. Tafuta thamani za ngazi za MLS ambazo, zikiunganishwa kwa mistari iliyonyooka dhidi ya log ya mgandamizo, zinalingana vizuri zaidi na vipimo vyote vya puto kwa njia ya miraba midogo kabisa (least squares). Kisha pitisha matokeo kwenye jedwali la ulainishaji (averaging kernel) linalotolewa na timu ya MLS. Wametoa la ikweta na la latitudo 70 kaskazini, nawe chukua la ikweta. Kanuni ni x = a + K(h - a): h ni puto lililoshushwa kwenye ngazi za MLS, a ni kadirio la awali, K ni jedwali. Kwa ozoni hesabu hufanywa kwenye uwiano wenyewe. Kwa mvuke wa maji hufanywa kwenye log ya uwiano, na atakayesahau hilo atapata majibu mabaya zaidi pale maji yanapobadilika ghafla, karibu na tropopozi, yaani mpaka kati ya troposfia (tabaka la chini kabisa la anga) na stratosfia.

Puto hupasuka kwenye kilomita 30 hadi 35 hivi. K inahitaji profaili nzima, kwa hiyo jaza sehemu ya juu kwa profaili ya MLS yenyewe, kisha usiripoti ngazi mbili zilizo karibu na mpasuko, maana zimeonja namba za kujazia.

Kati ya 70 na 15 hPa, wastani wa siku nyingi unapaswa kukaribiana vizuri. Chini ya hapo uwe mpole: katika tropiki, kuelekea troposfia ya juu, profaili za ozoni za MLS zina mawimbi madogo ya juu-chini yanayotokana na hesabu, na ozoni yenyewe ni kidogo, hivyo asilimia huonekana kubwa. Tofauti ikijitokeza, usikimbilie kulaumu setilaiti. Ulinganisho wa namna hii ndio uliosaidia kuonyesha kwamba baada ya 2013 baadhi ya vituo vya maputo duniani vilianza kusoma ozoni pungufu kwenye stratosfia.

Hatua ya 6: Wastani, mwelekeo wa miaka, na gesi nyingine

Wastani wa profaili 100 hupunguza kelele mara kumi. Haupunguzi hata chembe ya upotofu wa kudumu. Ndiyo sababu kwa klorini monoksaidi ya stratosfia ya chini wataalamu hutoa thamani za usiku kwenye zile za mchana: gesi hiyo karibu hupotea usiku, upotofu unabaki uleule, na tofauti inaufuta. Hila hiyo haifai ndani ya giza la ncha za dunia, ambako hakuna mchana wa kulinganisha.

Kwa mwelekeo wa miaka, jua historia ya vifaa kabla ya kuchora mstari. Bendi iliyokuwa ikisoma hidrojeni kloraidi ilidhoofika Februari 2006 na nyingine ikachukua nafasi yake, kwa hiyo usitafute mwelekeo wa gesi hiyo katika stratosfia ya juu kwa data hii. Bendi ya nitrasi oksaidi ya gigahezi 640 ilikufa 2013, na bidhaa ya kawaida sasa hutoka kwenye 190. Mvuke wa maji ulikuwa ukiteleza kidogo kidogo kwa sababu ya kipokezi hicho cha 190. Toleo la 5 limepunguza mtelezo bila kuumaliza. Tangu 2024 kipokezi hicho huwashwa siku chache tu za kila mwezi ili kidumu, kwa hiyo wastani wa mwezi wa mvuke wa maji wa leo haulingani kwa uzito na ule wa 2010.

Hata chujio lenyewe linaweza kukukosea. Volkeno ya Hunga Tonga–Hunga Ha'apai ilipolipuka tarehe 15 Januari 2022, ilisukuma takriban tani milioni 146 za maji kwenye stratosfia, karibu asilimia 10 ya maji yote yaliyokuwamo, na MLS iliyaona hadi kilomita 53. Siku za mwanzo wingu hilo lilikuwa geni kwa hesabu kiasi kwamba profaili nyingi zilizolipitia zilianguka kwenye Quality na Convergence. Aliyechuja kwa kanuni za kawaida alitupa tukio lenyewe na kubaki na hewa ya pembeni. Kwa hiyo, kila unapochuja, weka profaili zilizokataliwa kwenye ramani. Zikiwa zimetawanyika ovyo, endelea. Zikiwa zimekusanyika mahali pamoja, fungua zile profaili moja moja kabla ya kuzitupa.